GARI LA MAONYESHO NA UPANDE USIOPAMBWA

Ndugu wanachama wa Unguja na Pemba,

Kila mwaka unapokaribia msimu wa sherehe, huku kwetu na huko Bara, huanza ile kazi ya kupamba malori. Hukodiwa lori, likashushwa mbao zake za pembeni, likafungwa fremu na waya, likavishwa vitambaa na karatasi za rangi, likapandishwa watu na zana za kazi, kisha likapitishwa polepole mbele ya jukwaa kuu huku mgeni rasmi akipunga mkono. Hilo ndilo liitwalo gari la maonyesho. Wengi hulitazama kwa jicho la mchezo, wakasema ni furaha ya siku moja na haina haja ya maneno.

Sisi twasema ina haja ya maneno, tena si machache. Gari la maonyesho ni kauli. Ni taarifa ya serikali, au ya idara, au ya chama, iliyoandikwa kwa mbao na vitambaa badala ya wino. Na kauli yoyote itolewayo hadharani, kwa fedha ya watu na kwa jasho la watu, yastahili kuulizwa maswali matatu: nani kaisema, nani kailipia, na je, ni ya kweli? Gazeti likisema uongo hushtakiwa. Lori likisema uongo hupigiwa makofi. Kwa nini?

Katika makala haya tutazitazama wilaya mbili za mbali, Mbulu na Hanang, katika Mkoa wa Manyara. Atauliza msomaji wa Mkunazini au wa Wete: Mbulu na Hanang zatuhusu nini sisi watu wa visiwani? Majibu ni mawili. La kwanza limo jikoni mwake. Kitunguu saumu anachokitwanga kwa pilau aghalabu kimetoka Mbulu, na mbaazi anazozila kwa nazi na mahamri huenda zimelimwa katika nyanda za Babati, Hanang na Mbulu. Sisi tunaokaa nyuma ya mizani tunalijua hilo, maana magunia hayafiki dukani bila ya kutaja kwao. Jibu la pili ni kwamba nyani haoni kundule. Yetu tumeyazoea hata hatuyaoni. Basi na tuyatazame ya wenzetu kwanza, kisha turudi nyumbani na jicho lililokwisha kufunguka.

KAZI HII SI NGENI KWETU

Asije mtu akatuambia kwamba kupamba chombo na kukipitisha njiani ni jambo la Wazungu. Watu wa mwambao walikuwa mabingwa wa mashindano hayo kabla ya babu zetu wengi kuiona motokaa. Mwanzoni mwa karne ya 20 vyama vya beni vya Lamu na Mombasa vilishindana kwa sare, kwa matarumbeta, kwa gwaride na kwa karamu, mtaa kwa mtaa. Baadaye wanawake wa Mombasa wakawa na vyama vyao vya lelemama, na majina ya Ibinaal Watan na Banu Saada yakavuma mji mzima kwa ushindani wao. Fedha nyingi ilitumika, na wapo waliolaumu kwamba ni israfu.

Lakini katika israfu ile mlikuwa na jambo moja ambalo leo limepotea. Aliyejenga, aliyelipa na aliyehukumu walikuwa watu wale wale. Mtaa ulichanga wenyewe kwa hiari yake, ukapamba kwa mikono yake, na mtaa wa pili ukatazama na kutoa hukumu bila ya haya: hiki kizuri, hiki kibaya, hiki mmeiga kwetu. Hapakuwa na mtu aliyeamrishwa kufurahi. Leo mambo yamegeuka. Mwenye kuamuru ni mmoja, mwenye kulipa ni mwingine, na mwenye kutazamiwa ni yule aliyekaa kivulini jukwaani. Mwananchi aliyesimama juani ng'ambo ya pili hana hukumu, kazi yake ni kushangilia.

Na hapa ndipo ilipo siri ambayo kila fundi wa magari haya anaijua, ila haisemi. Gari la maonyesho aghalabu hupambwa upande mmoja. Ule upande utakaoelekea jukwaa kuu huvishwa hariri, huandikwa kwa herufi nzuri, huwekwa wale vijana wenye sura za kupendeza. Upande wa pili, ule unaowaelekea wananchi, huachwa na waya unaoning'inia na misumari iliyotokeza. Mkuu huona gari, mwananchi huona mgongo wa gari. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sasa na tuutazame upande wa pili wa Hanang na wa Mbulu.

NGANO YA HANANG

Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, yaani NAFCO, lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu, wilayani Hanang. Mashamba yalikuwa 7, na majina yake wenyeji wanayajua kama wanavyojua majina ya watoto wao: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Waret. Jumla ya ardhi ilikuwa karibu ekari 100,000. Ukitaka pambo la gari la maonyesho, ndugu yangu, utapata wapi pambo zuri kuliko hilo? Masuke ya dhahabu, mashine kubwa ya kuvuna, mkate uliofura, na bango lisemalo kwamba taifa litajilisha.

Huo ndio upande wa jukwaani. Upande wa pili ni huu. Ardhi ile ilikuwa malisho ya Wabarabaig, wafugaji ambao maisha yao yote yalikuwa katika kuhamisha ng'ombe kutoka malisho hadi malisho na kutoka maji hadi maji kwa majira. Walipofungiwa nyanda zile, walifungiwa njia za ng'ombe na njia za maji. Zaidi ya hayo, Wabarabaig huwajengea wazee wao wenye heshima makaburi makubwa ya udongo, na maziko yake ni sherehe ya miezi. Makaburi ya namna hiyo yalipitiwa na majembe ya matrekta. Mwaka 1981 kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji wake walikwenda Mahakama Kuu kulishtaki shirika, wakapata hukumu ya kuwafaa. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua. Miaka ikapita, shirika lenyewe likafa, baadhi ya mashamba yakarudi kwa wananchi na mengine yakaingia mikononi mwa wawekezaji.

Hatusemi kwamba ngano ni haramu, wala hatusemi kwamba taifa lisilime. Mwenye duka la unga hawezi kusema hivyo. Twasema kwamba gari lenye masuke ya ngano bila ya kaburi lililolimwa ni nusu ya habari. Na mwenye kusema nusu ya habari huku anaijua nusu ya pili, sisi katika biashara tunamwita kwa jina lake: ni mpunja mizani.

WATU KUFANYWA MAPAMBO

Liko jambo la pili, nalo ni zito zaidi kwa kuwa lagusa utu. Katika sherehe zetu za kitaifa imekuwa ada kuwaleta watu wa makabila kwa mavazi yao ya asili, wakacheza, wakaimba, wakapigwa picha, wakaondoka. Mbulu na Hanang zina hazina kubwa ya watu wa namna hiyo. Wako Wairaqw, wakulima hodari wa milimani. Wako Wabarabaig na jamaa zao Wadatoga, wenye wahunzi wa sifa, na wanawake wao huvaa ngozi zilizoshonwa shanga kwa ustadi mkubwa. Wako Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wawindaji na wachimba mizizi, watu wachache sana ambao lugha yao haina ndugu wa kuthibitika duniani.

Mpambaji wa gari akipewa Mhadzabe atafanya nini? Atamvisha ngozi, atampa upinde, atamsimamisha mbele ya kibanda cha majani. Watu watashangaa, na mgeni rasmi atatabasamu. Lakini mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, walipata jambo kubwa kuliko upinde. Walipewa hati ya haki ya kimila ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja, baada ya kuiona ikimegwa na wakulima na wafugaji kwa miaka mingi. Hati ile ndiyo habari. Basi kama Mhadzabe apanda garini, na apande na hati yake imeandikwa kwa herufi kubwa zinazosomeka mbali, na upinde awe nao mkono wa pili akipenda. Upinde bila ya hati humwonyesha kama kiumbe wa kutazamwa. Hati humwonyesha kama raia mwenye haki, ambaye akidhulumiwa ana karatasi ya kwenda nayo barazani.

Huo ndio mpaka kati ya kumheshimu mtu na kumfanya pambo. Mtu aliyeheshimiwa huulizwa: wataka kuonyesha nini? Pambo haliulizwi, hupigwa msumari tu likakaa.

SIKU 50

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo kwa ajili yake hasa nimeshika kalamu. Tarehe 14 Oktoba 2023, mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, ulipokea kilele cha mbio za Mwenge wa Uhuru za mwaka ule. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwapo, vijana wa halaiki walikuwapo, na yote yanayoambatana na siku kama ile yalikuwapo. Mbio za mwaka ule zilibeba ujumbe wa kuhifadhi mazingira na vyanzo vya maji. Ujumbe mwema, hapana mwenye akili atakayeupinga.

Tarehe 3 Desemba 2023, yaani baada ya siku 50, katika mkoa ule ule, mvua kubwa ilivunja ubavu wa Mlima Hanang. Mlima ule una urefu wa zaidi ya mita 3,400, na mji wa Katesh umelala miguuni pake. Tope, mawe na magogo yaliteremka kwa njia za maji hadi Katesh, Jorodom, Gendabi na vitongoji vya jirani. Watu 89 wakafa. Nyumba zilisombwa na mifugo ikapotea, na soko likajaa tope.

Hatusemi kwamba Mwenge ulileta tope, hayo ni maneno ya wapumbavu. Wala hatusemi kwamba serikali ilikaa kimya. Haki ni kulisema na jema. Rais alikuwa Dubai kwenye mkutano wa dunia wa tabianchi, akakatiza safari, na tarehe 7 Desemba alikuwa Katesh. Askari walichimba, madaktari walitibu, na baadaye nyumba 109 zikajengwa huko Waret kwa ajili ya walioathirika. Hayo yamo katika daftari na hatuyafuti.

Swali letu ni dogo, nalo halijibiwi kwa makofi. Ujumbe wa mazingira uliopita mikoa yote ya nchi, ukachapwa juu ya fulana, ukabandikwa ubavuni mwa magari, ukatangazwa kwa vipaza sauti hadi ukafika kileleni Babati: ulifika pia juu ya vijito vya Jorodom? Nani aliyepanda kutazama njia ya maji na nyumba zilizojengwa ndani yake? Nani aliyemwambia mama wa Gendabi kwamba mvua ikipita kadiri fulani aondoke na watoto wake, aende wapi, kwa njia gani, kwa kengele ya nani? Kama yalifanywa, na yaonyeshwe. Kama hayakufanywa, basi ujumbe ule ulikuwa pambo, na pambo halizuii maji.

Tena tazameni, ndugu zangu. Baada ya msiba ule malori yalipita tena katika barabara ya Babati kwenda Katesh. Hayakuwa na maua wala bendera za karatasi. Yalibeba unga, mablanketi, majembe na maji ya kunywa. Hapakuwa na aliyeuliza yanaelekea jukwaa gani. Kwa maoni yetu, magari ya maonyesho yaliyosema kweli kuliko yote katika mkoa ule, mwaka ule, yalikuwa hayo.

KUFUTA SHEREHE SIYO DAWA

Wako wenzetu watakaoruka hapa na kusema: basi sherehe zifutwe na fedha zijengee hospitali. Jambo hilo limekwisha kufanywa. Mwaka 2015 Rais John Magufuli alifuta sherehe za 9 Desemba, na shilingi bilioni 4 zikaelekezwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge, Dar es Salaam. Mwaka 2022 Rais Samia naye alifuta sherehe za siku hiyo hiyo, na shilingi milioni 960 zikaelekezwa kujenga mabweni ya watoto wenye mahitaji maalumu. Watu walishangilia mara zote mbili.

Sisi hatukushangilia sana, na sababu yetu ni hii. Mkono ulioweza kufuta sherehe kwa neno moja ni mkono ule ule unaoziamuru kwa neno moja. Mwananchi hakuulizwa kwa lile wala kwa hili. Zaidi ya hayo, tumekwisha kuambiwa kwamba fedha zilikuwapo zote zile. Sasa tutauliza kwa haki, katika miaka ambayo sherehe hazikufutwa, mabilioni yalikwenda kwenye mbao gani na vitambaa gani? Na watu wanahitaji sherehe. Mwenye kumnyima maskini siku yake ya furaha na kuiita hekima, hajakaa na maskini. Hatutaki lori liondolewe njiani. Twataka liwe letu na liseme kweli.

JINSI LA KUJENGWA

Ili tusiwe watu wa kulaumu tu, na tuseme gari la Mbulu na Hanang lingejengwaje kama wenyewe wangeachiwa. Na wewe, katibu wa tawi, usipite haraka hapa, kwa maana yatakuhusu.

Kwanza huja usalama. Lori lipimwe kabla ya kuchorwa kitu. Uzito mkubwa ukae chini na katikati, juu ya magurudumu ya nyuma, usiinamie upande. Fremu iwe ya mbao mbili kwa nne, ifungwe kwa bolti kwenye bodi, isitegemee misumari peke yake, kwa sababu msumari hulegea gari likitikisika. Atakayesimama juu awe na kitu cha kushika. Dereva asizibwe macho kwa pambo, wala mbele wala kwenye vioo vya pembeni. Urefu wa juu kabisa upimwe kwa kamba, na njia yote ipitiwe siku moja kabla kutazama nyaya za umeme na matawi ya miti. Mtoto asipandishwe pahala ambapo mtu mzima angeogopa. Pambo lililomwangusha mtoto halina sherehe.

Pili ni vifaa. Huko Pasadena, mji wa California nchini Marekani, tangu mwaka 1890 hufanywa gwaride la mwaka mpya, na magari yake yana sharti moja mashuhuri: kila sehemu inayoonekana lazima ifunikwe kwa maua, majani, mbegu, magome au kitu kingine kilichoota. Hatusemi tuwaige Wamarekani katika fedha zao, lakini sharti lile lina hekima ndani yake. Lamlazimisha mpambaji kutumia kilichotoka ardhini. Basi gari la Mbulu lisinunuliwe karatasi za kung'aa kutoka ng'ambo. Livalishwe vitunguu saumu vilivyosukwa mafungu kwa mafungu. Kuta zake zinakshiwe kwa maharage ya rangi mbalimbali yaliyogandishwa kwa uji wa unga juu ya ubao. Gari la Hanang libebe masuke ya ngano na vichwa vya alizeti. Waya wa kuku ukikunjwa juu ya fremu na kujazwa majani makavu hupata umbo la mlima, na Mlima Hanang ukajengwa hapo kwa gharama ndogo.

Tatu ni habari yenyewe. Kandokando ya vitunguu saumu pawekwe ubao wenye bei mbili, bei aliyolipwa mkulima shambani na bei anayolipa mlaji sokoni. Kandokando ya mbaazi paandikwe kwamba mwaka 2017 India iliweka mipaka ya kununua mbaazi kutoka nje, bei ikaporomoka, na mkulima akabaki na magunia. Kandokando ya ngano liwekwe kaburi la mzee wa Kibarabaig, limejengwa kwa udongo, bila ya maneno. Mhadzabe asimame na hati yake. Na katika ubavu wa ule mlima wa waya pachorwe mfereji wa rangi ya tope kutoka juu hadi chini, na chini yake iandikwe namba 89 na tarehe.

Watasema: hiyo ni sherehe au ni matanga? Tutawajibu kwa mtu wa Mbulu wenyewe. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mbio za marathoni za Olimpiki huko Mexico City, John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alianguka na kuumia, akafungwa bandeji mguuni, akaendelea, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Alikuwa wa mwisho kati ya waliomaliza. Dunia imewasahau wengi waliomtangulia siku ile, yeye haikumsahau. Na alipoingia uwanjani bandeji haikufichwa, ilionekana kwa kila mtu, na heshima yake ikakaa juu ya bandeji ile. Mtu au nchi haidhalilishwi na jeraha linaloonekana. Kinachoidhalilisha ni kulifunika kwa kitambaa cha rangi.

Nne ni pande mbili. Pambo lililo kulia liwe na kushoto. Aliyesimama juani asome herufi zile zile anazozisoma aliyekaa kivulini.

Tano ni hesabu. Lori limekodiwa kwa kiasi gani, mbao kiasi gani, mafuta kiasi gani, nani katoa nini. Iandikwe na kubandikwa ubavuni mwa lori lenyewe, mwisho wa pambo. Hili litaonekana geni, lakini sisi wenye maduka tumezoea kuletewa karatasi ya mchango wa sherehe pasina stakabadhi, na anayeuliza huitwa msusi. Mchango wa hiari hauogopi stakabadhi. Unaoiogopa si mchango, ni kodi iliyovaa kanzu ya sikukuu.

Sharti hizi si za ndoto. Tarehe 1 Mei 2025 sherehe za kitaifa za Mei Mosi zilifanywa Singida, mkoa unaopakana na Hanang. Kilichobaki vichwani mwa wafanyakazi siku ile ni namba: kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kupandishwa kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Ahadi yenye namba na tarehe mtu huweza kuikamata na kuidai. Pambo halikamatiki. Basi na magari yetu yabebe vitu vinavyokamatika.

TURUDI NYUMBANI

Ndugu wanachama, sasa na tugeuze jicho. Nasi tunapamba malori. Mkutano mkubwa ukikaribia, tawi hushindana na tawi kwa bendera, kwa makuti, kwa migomba, kwa vipaza sauti. Twawalaumu watawala kwa kupamba upande mmoja, je, letu lina pande ngapi? Tukibeba picha ya mvuvi wa Kizimkazi au mchumaji karafuu wa Konde, tumemuuliza anataka kusema nini, au tumempiga msumari akakaa? Chama kinachotaka kukabidhiwa hesabu ya nchi hakina budi kuanza na hesabu ya lori lake.

Wahenga wametuwekea kipimo: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sera njema hujiuza kwa kuonekana katika bei ya unga, katika maji ya mfereji na katika dawa za kituo cha afya. Ile inayohitaji kutembezwa kwa lori kila mwaka, yapaswa kuchunguzwa imekosa nini.

Kwa hiyo twashauri jambo moja, nalo laweza kufanywa na tawi lolote, dogo au kubwa. Kabla ya msumari wa kwanza kupigwa, kikae kikao cha tawi, kiandike karatasi moja tu yenye majibu manne: gari hili litamwonyesha nani, yeye mwenyewe kasema nini, litagharimu kiasi gani na fedha imetoka wapi, na ni jambo gani gumu tutakaloliweka juu yake ambalo hata sisi halitufurahishi. Karatasi hiyo isomwe mbele ya wanachama, kisha ibandikwe. Tawi litakaloshindwa kulijibu swali la nne na liache kukodi lori mwaka huo, litembee kwa miguu.

Wabillahi tawfiq.

Mwenye Duka